Mikumi kwa Njia ya Nyuma

Watanzania wengi tumeiona Mikumi bila kulipa hata senti tano. Basi likishapita Doma, abiria wa dirishani anapiga kelele "Twiga!", wa upande wa pili wananyanyuka kuchungulia, mtoto ananyanyuliwa aone tembo, na kabla simu haijapata picha ya kueleweka mmeshafika Mikumi mjini, mmezungukwa na wauza maji na mishikaki. Barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia imeikata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, hivyo kila msafiri wa Nyanda za Juu Kusini ni mtalii wa chini ya saa moja, apende asipende. Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Morogoro, na kwa miaka mingi Mikumi kwangu palikuwa mahali pa kufuata gari lililozima na kulivuta hadi Msamvu. Nimewahi kubadili feni beti ya lori mle hifadhini huku kijana wangu wa gereji akiwa juu ya kabini ananihesabia nyati.

Njia ninayotaka kuisimulia haipiti huko. Unatoka Morogoro kwa barabara ya Dodoma, kilomita zipatazo 65 unafika Dumila, unakata kushoto kwenda Rudewa na Kilosa, kisha unaambaa na milima kuelekea kusini, unapita Ulaya, hadi unatokea Mikumi mjini kama mtu aliyeingia nyumbani kwa mlango wa uani. Ukiwa na haraka ni safari ya siku moja. Ukiwa na hema chukua siku tatu au nne, maana ukienda taratibu ndipo unaona kwamba mambo mengi yanayosemwa kuhusu wilaya hii, mafuriko ya Kilosa, reli kuhamishwa, ugomvi wa wakulima na wafugaji, hata wingi wa wanyama katika mbuga ya Mkata, ni jambo moja tu: maji yanayoshuka kutoka milimani, upande wako wa kulia.

Milima yenyewe ni Ukaguru kwa kaskazini na Rubeho kwa kusini, vipande viwili vya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Vilele vyake vinapita meta 2,000, wakati Kilosa mjini ni kama meta 500 tu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga miinuko hiyo unaangusha mvua, misitu inaidaka, kisha inaiachia kidogo kidogo kwenye mito. Kukaa kwake peke yake kwa mamilioni ya miaka kumeifanya misitu hiyo iwe na viumbe vyake; Rubeho ina kwale wa msituni ambaye huwezi kumpata mahali pengine popote duniani. Sisi hatukumwona. Mama mkwe wangu alisema kama ni kwale, wa shambani kwake wanamtosha.

Nimtambulishe, maana bila yeye safari hii ingekuwa nyingine. Ni mzaliwa wa Kilosa, Msagara, na tulikuwa tunamrudisha nyumbani baada ya kukaa kwetu Morogoro kwa matibabu ya macho. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo: badala ya kumpakia kwenye basi, tumpeleke wenyewe, twende na binti yetu Zuhura kwa kuwa shule zimefungwa, tulale njiani, tuendelee hadi Mikumi, bibi aione hifadhi aliyoishi jirani nayo maisha yake yote. Nikanunua mahema ya mtumba. Nasema mahema kwa sababu kwa desturi zetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya turubai moja, hata kama ni porini na simba ananguruma. Moja lilikuwa la bibi na mjukuu, jingine letu, na kati yake hatua kadhaa za heshima.

Nilipomwonyesha, aliligusa lile hema kwa ncha ya vidole. "Baba Zuhura," akasema, "hema nililolala linanitosha. Na lile nilipewa bure."

Hapo panahitaji maelezo. Kwa watu wa Kilosa hema si kitu cha starehe. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafunika mitaa na vijiji, ukasomba reli ya kati hata treni zikasimama kwa miezi. Maelfu ya watu walibaki bila nyumba na wakahamishiwa kwenye kambi, wakaishi chini ya maturubai muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Anayemwambia mtu wa namna hiyo kwamba kulala kwenye hema ni mapumziko, ajiandae kuangaliwa.

Kuhusu gari. Watu huniuliza kama lazima liwe lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kwenda Kilosa, hapana. Lami imefika hadi mjini na hata gari la chini linateleza tu. Kipande cha Kilosa hadi Mikumi, zaidi kidogo ya kilomita 70, ndicho cha kufikiria. Kati ya Juni na Oktoba, dereva mwenye subira anapita hata na Noah. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usijaribu. Sisi tulikwenda na Escudo yangu ya zamani, ambayo ina sifa moja kubwa kuliko zote: iko juu. Lakini yaliyo muhimu zaidi ni madogo. Kagua tairi la akiba kama lina upepo; nimeokoa watu wengi porini waliokuwa na tairi la akiba zuri kabisa, bapa. Beba kibao cha kuweka chini ya jeki, la sivyo kwenye mchanga jeki inazama na gari linabaki palepale. Beba maji ya galoni, ya watu na ya rejeta, kamba ya kuvutia, feni beti, na tochi yenye betri mpya. Mafuta jaza Kilosa.

Dumila tulisimama kama wanavyosimama wote. Ni soko la barabarani: nyanya kwenye ndoo zilizopangwa zikarundikwa kuzidi mdomo, vitunguu, ndizi, matikiti, mkaa. Watu wa huko wanaijua vizuri habari ya maji. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, ukakata daraja, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikafungwa, magari yakapanga foleni kila upande. Siku tuliyopita sisi mto ulikuwa mchanga mtupu na mbuzi wawili.

Kutoka Dumila hadi Kilosa ni kilomita karibu 70. Ukaguru unakuandama kulia, wa bluu asubuhi, wa kijani jua likipanda. Chini ni mahindi, alizeti, mpunga mahali penye bonde, na upande wa Kimamba na Rudewa mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Mkonge ndio uliowaleta hapa watu wa makabila mengi kama manamba enzi za ukoloni, na ndiyo sababu Kilosa ukiuliza mtu kabila lake anaweza kukutajia mkoa wa mbali kabisa, halafu akakwambia babu yake kazikwa Kimamba. Kabla ya mjini kuna Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wengi nchini wamepanda mbegu zake bila kujua zilitoka wapi.

Kilosa ni mji wa reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, kisha ikasonga hapa na kuingia kwenye bonde la Mkondoa, ikatoboa hadi Kigoma mwaka 1914. Hawakuvumbua njia. Misafara ya pembe na watumwa ilishalitumia bonde hilo kupenya milima kwenda Ugogo na Tabora. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley akapita 1871 akimtafuta Livingstone, baada ya kuteseka sana na tope la Mkata wakati wa mvua. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alikuja Usagara na karatasi zake za mikataba, na mmoja wa waliotia alama alikuwa Mwinyi Sagara. Miezi michache baadaye Berlin ilitangaza kwamba nchi hii ni yake. Magharibi ya Kilosa reli ya zamani ina kituo kinachoitwa Munisagara.

Bonde lililowafaa wapagazi halikuifaa reli sana. Reli ilibanwa kati ya mlima na mto, na kila Mkondoa ukikasirika unaondoka na tuta. Kila mwaka wahandisi walirudi kukarabati palepale, kati ya Kilosa na Gulwe. Ndiyo maana reli mpya ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, imeukimbia mto na kuingia mlimani: kuna mahandaki manne upande wa Kilosa, yenye jumla ya takriban kilomita 2.6. Kama huna gari, panda treni hiyo, shuka Kilosa, nusu ya safari hii utakuwa umeipata. Nasema hivyo japo mimi ninaishi kwa magari ya watu kuharibika.

Usiku wa kwanza tulilala juu kidogo ya mji, kwenye shamba la mjomba wa mke wangu. Wasagara hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mjomba ni neno. Alitukaribisha, akatukaripia kwa kutaka kulala nje wakati nyumba ipo, akatukubalia. Kabla ya giza tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha. Hili msilipuuze. Nje ya hifadhi na nje ya maeneo rasmi ya kambi, hakuna sehemu isiyo na mwenyewe, na gari geni lililoegeshwa gizani huleta maswali. Ukienda kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ukasema wewe nani, unatoka wapi, unalala wapi na unaondoka lini, unapata ulinzi ambao hauuzwi.

Mimi nilishaanza kusimamisha mahema chini ya mwembe, penye kivuli. Mama mkwe akaja polepole na fimbo yake.

"Mwanangu, hapa maji yanapita."

"Mama, huu ni mwezi wa saba."

"Mimi sikuulizi mwezi. Nakuonyesha njia ya maji."

Kweli, ukiangalia kwa makini majani yote makavu yalikuwa yamelala upande mmoja, yamepangwa na mvua za miezi iliyopita. Akatuhamisha hadi kwenye kinundu. Akamtuma Zuhura alete jembe, akasimamia mfereji wa kina cha kiganja kuzunguka hema, na mdomo wake ukielekezwa mteremkoni. Mlango akaugeuza upande usio na upepo. Vigingi akataka vipigwe kwa kulala, kichwa kikielekea mbali na hema, ili kamba ikivuta visichomoke. Akasema usiku wa mvua mtu asiguse turubai kwa ndani, maana pale alipogusa ndipo litakapovuja. Viatu ndani, si nje, na asubuhi uvikung'ute. Taa isiwe ndani ya hema. Mdudu hufuata taa. Hakuna kitabu cha kambi kilichonifundisha hata nusu ya hayo, na yeye hakuyasoma. Nilimsikiliza nikaacha kujifanya mimi ndiye kiongozi wa msafara.

Tulikula wali wa Kilosa na kisamvu kilichoungwa kwa nazi. Kutoka pale juu mji uko chini yako, na usiku unaona treni ya umeme ikija kutoka Morogoro, mstari wa madirisha, kisha mlima unaimeza. Mjomba akasema anaikumbuka treni ya zamani iliyokuwa inakaa stesheni muda wa kutosha mtu kununua kuku, kugombana na muuzaji na kupatana naye.

Asubuhi tulishika barabara ya Mikumi. Lami ikaisha, vumbi jekundu likaanza. Kipande hiki ndicho ninachokipenda. Reli ya tawi, ile itokayo Kilosa kwenda Kidatu kupitia Mikumi, inakatiza katiza na barabara; kuna mto Myombo na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na kulia Rubeho inasimama kama ukuta, na msitu wa Ukwiva ukiwa umejificha juu yake. Barabara inapanda na kushuka vilima vya miombo, unapata kona, daraja, kijiji, miembe, watoto wanaopunga mikono, kimya. Mwendo wetu ulikuwa wa gia ya pili na ya tatu. Kama umezoea kukimbiza gari, barabara ya mawimbi mawimbi itakufunza: ukienda kwa kasi gari linapaa na breki hazishiki, ukienda polepole mno linakutikisa meno. Utaisikia mwenyewe kasi ambayo gari linatulia. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, ujaze tena Mikumi.

Tukafika Ulaya saa nne. Ni kata ya Kilosa, ina shule, maduka na watu wenye utani wao wa miaka mingi juu ya jina hilo. Zuhura akampigia shangazi yake Dar es Salaam akamwambia, "Shangazi, niko Ulaya na bibi," na tulisikia kelele za upande wa pili hadi kiti cha mbele.

Njiani tulikutana na makundi ya ng'ombe yakivuka, na vijana wa Kimaasai na wa Kibarabaig wakiyaswaga. Mama mkwe alinyamaza hadi walipopita. Ugomvi wa wakulima na wafugaji wa wilaya hii umeua watu. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, waliuawa zaidi ya 30 kwa wakati mmoja. Kiangazi kikikaza, majani mabichi yanabaki mabondeni kando ya mito, na huko huko mabondeni ndiko yaliko mashamba. Wote wanafuata kitu kimoja. Sitajifanya nina dawa. Nasema tu kwamba msafiri akiona bonde la kijani mwezi wa Agosti na kulipiga picha, ajue kwamba rangi hiyo ina wadai wengi.

Mikumi mjini si mji wa kutazama. Ni mji wa malori. Tulikula, tukajaza upepo, tukageuka kurudi upande wa Morogoro kilomita 20 na ushei hadi lango kuu la hifadhi. Ukiwa kwenye barabara hiyo heshimu vibao: mchana mwisho ni kilomita 70 kwa saa, usiku 50, na matuta yapo kukukumbusha. Kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nimeyaona magari yaliyogonga nyati. Faini ndiyo sehemu nafuu.

Langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Mwananchi analipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na anacholipa mgeni, na nitasema bila kuzunguka kwamba wengi wetu hatujawahi hata kuuliza bei. Beba kitambulisho. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa 1975 ikapakana na Selous, na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Imepewa jina la mikumi, ile mivumo mirefu ya porini ambayo bado utaiona imesimama hapa na pale kwenye uwanda. Na kile kilima kirefu kuliko vyote ndani yake, Malundwe, nacho ni kipande kidogo cha Tao la Mashariki, kama mtoto aliyeachwa nyuma na ndugu zake.

Uwanda wa Mkata ndio moyo wa hifadhi. Huko ndiko nyumbu, pundamilia, swala, nyati na twiga wanakokusanyika, tembo wakifuata maji, viboko wakiwa kwenye bwawa lao. Udongo wake ni mweusi wa mfinyanzi: kiangazi ni barabara, mvua ikinyesha ni gundi, na njia nyingi hufungwa. Mto Mkata unakwenda kaskazini kukutana na maji ya Mkondoa, yote yakawa Wami, yakaingia baharini karibu na Saadani. Nilimweleza hivyo mama mkwe tulipokuwa tunatazama tembo wakinywa. Akauliza, "Kwa hiyo haya na yale yaliyobeba nyumba yangu ni ndugu?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema afadhali haya yana kazi.

Kambi ya umma iko karibu na makao makuu: nyasi zilizofyekwa, choo, maji, mahali pa kupikia. Hakuna uzio. Masharti ni machache na yana maana. Usikate kuni, beba jiko la gesi la mtungi mdogo. Usiache chakula ndani ya hema, hata biskuti, hata ganda la ndizi. Kifungie kwenye gari. Nyani wa Mikumi wamechunguzwa na wanasayansi kwa miongo mingi, na nadhani wao pia wametuchunguza, maana wanajua zipu ya hema inavutwa upande gani. Ukishaingia kulala usitoke hadi kupambazuke. Haja ndogo panga mapema, au ingia na kopo kama bibi zetu. Mwezi wa Juni na Julai beba blanketi zito. Mchana vaa nguo za rangi hafifu, maana ndorobo wa kwenye miombo wanapenda nyeusi na bluu, na wanauma hata juu ya jinzi.

Usiku, sijui saa ngapi, nilisikia nyasi zinang'olewa. Si kutafunwa, kung'olewa, kwa mashavu makubwa, na pumzi nzito zikitoka puani. Zilikuwa karibu sana. Mke wangu alinishika mkono. Ndipo sauti ikatoka hema la pili, ya chini, ya mtu aliyeudhika:

"Baba Zuhura. Nani kaachia ng'ombe?"

"Mama, nakuomba unyamaze."

"Watamaliza majani ya watu."

"Mama, si ng'ombe."

Kimya kikapita. Kisha: "Haya."

Asubuhi askari wa hifadhi alitupitia, akainama kwenye vibonge vya samadi vilivyotandazika kama samadi ya ng'ombe, akaonyesha kwato pana zilizopita kati ya mahema mawili, kwenye zile hatua za heshima, bila kukanyaga hata kamba. Nyati, akasema, madume ya peke yao, yanapenda nyasi fupi za kambini. Zuhura alipima kwato moja kwa kiganja chake, kikaenea na nafasi ikabaki. Askari akamsifu bibi kwa kutotoka nje. Bibi akasema angetoka kuwafukuza kama si mkwe wake kumkataza.

Safari ingeweza kuishia hapo, lakini mtu aliyefika Mikumi na asipande Iyovi kaacha utamu njiani. Kutoka Mikumi mjini kuelekea Iringa barabara inaanza kujikunja kwenye vilima, msitu pande zote, na hapo ndipo unapovuka mgongo wa maji: nyuma yako mito inakwenda Wami, mbele yako inashuka kwa Ruaha Mkuu, unaotoka Mtera kwenda Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme na mwisho wake kuingia Rufiji. Ghafla hali ya hewa inakauka, na unaingia bonde la mibuyu. Iko mamia kwa mamia, juu ya miamba, kando ya lami, mingine ina matundu ambayo mtu mzima anasimama ndani. Mwezi wa Julai haina jani. Simama mahali penye nafasi halisi ya kuegesha, si ukingoni mwa kona.

Mbele zaidi ni Kitonga, ukuta wa mwisho kabla ya Ilula na Iringa, na hapa nazungumza kama fundi. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mengine yanashuka yakinuka breki. Ukishuka, shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Acha injini ilishike gari, breki uzitumie kwa kuzigusa na kuziachia. Ukizikanyaga mfululizo mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama hadi chini kama imekanyaga hewa. Usilipite lori kwenye kona hata kama utingo wake anakupungia mkono; yeye hasomi leseni yako. Ukipanda na mshale wa joto ukasogea, zima kiyoyozi, washa hita, egesha penye usalama, acha injini ikiunguruma, na usifungue kifuniko cha rejeta. Nimefunga majeraha ya watu waliokifungua.

Sisi tulipanda hadi juu, tukalitazama bonde, tukageuka, tukashuka. Ruaha Mbuyuni tulisimama kwa ajili ya vitunguu, maana vya huko vimekauka vizuri na vinakaa. Mama mkwe alishuka mwenyewe. Alimsalimia muuzaji, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za shamba, akabonyeza kitunguu kimoja shingoni kuona kama kimekauka, akataja bei ambayo muuzaji aliiita matusi, wakacheka, wakapatana. Nyavu mbili. Nikamwambia nafasi ya nyuma imejaa, mahema yameichukua yote.

"Mahema fungia juu," akasema, akiingia garini. "Vitunguu vikae ndani. Hema likilowa linaanikwa."

Nikatoa kamba.